Boila Ingesubiri

Usiku mmoja wa baridi kali nilikuwa narudi kutoka kazini. Nikainua macho kulitazama jengo letu, nikaona dirisha la ghorofa ya pili liko wazi kabisa, pazia linapepea nje. Vidimbwi vya uani vilikuwa vimeganda. Nikapanda hadi ghorofa ya sita kumpelekea mama mmoja mtu mzima mzigo wake ulioachwa kwangu, nikamkuta amevaa koti na kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hakunisalimu kwanza. Alisema, "Mwanangu, ingia upesi, usinitolee hilo joto kidogo."

Boila moja ya kupasha maji yanayoleta joto nyumbani mwetu, pampu moja ya kuyasukuma kwenye mabomba, bili moja. Wa ghorofa ya pili anafungua dirisha asije akaiva, wa ghorofa ya sita analala na koti.

Mkutano wa wakaazi ulipoitishwa nikayasema hayo, na kama ilivyo mikutanoni, aliyeuliza ndiye aliyepewa kazi. Ndivyo nilivyoingia kwenye kamati ya ukarabati wa jengo la fleti 48 lenye umri wa zaidi ya miaka 50, mimi ambaye sikuwahi kushika spana. Haya ninayoyaandika niliyajua baadaye, na mengine niliyajua kwa kuharibu.

Tulianza kwa kununua boila mpya. Ile ya zamani ilikuwa kubwa, nyeusi, inanguruma, na kila aliyeshuka kuiona alitoka huko akisema mwizi wetu tumempata. Muuzaji alikuja na karatasi zake, akatueleza boila za kisasa zinavyovuna hata joto la moshi. Hakudanganya. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo ukipozwa chini ya nyuzi 55 hivi hugeuka maji na kuachia joto ambalo zamani lilikuwa linapotelea hewani. Alichokiacha, na sisi hatukujua kuuliza, ni kwamba anayeupoza moshi huo ni maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta. Yakirudi yakiwa ya moto, hakuna kinachovunwa. Unabaki na boila ya zamani ndani ya sanduku jipya.

(Naziita rejeta makusudi. Ni ndugu wa ile ya gari, tofauti ni kwamba ya gari hutupa joto nje na hii hulimwaga chumbani.)

Msimu wa kwanza bili ilishuka kidogo sana. Kelele zikawa nyingi, na kamati ikamwita fundi mmoja mzee aliyekuwa amestaafu. Alishuka chini, akaizunguka boila mara moja, kisha akaomba kikombe. Tukadhani ana kiu. Akakitega chini ya kijibomba cheupe cha plastiki kinachotoa maji ya ule mvuke, akasema turudi asubuhi. Asubuhi kikombe kilikuwa kikavu kama kilivyotoka kabatini.

"Hii haijawahi kutoka jasho tangu mwiweke," akasema. "Kijana, maji yanarudi na nyuzi ngapi?"

Hakuna aliyekuwa anajua. Tulipopima tukakuta yanatoka na 80 na kurudi na 64.

Sababu yake alinichorea kwa chaki sakafuni. Maji ni mvivu, hupita palipo rahisi. Rejeta zilizo karibu na pampu hupata maji mengi kupita kiasi, yanakimbia ndani yake na kutoka bado ya moto. Za mbali na za juu hupata yaliyobaki. Wa juu wakilalamika, mlinzi wa jengo anaongeza joto la boila na kasi ya pampu. Wa juu wanapata nafuu kidogo, wa chini wanaungua, madirisha yanafunguliwa, na maji yanarudi ya moto zaidi. Kila mmoja alikuwa anafanya jambo la busara mahali pake, na jengo zima likawa linapasha joto barabara.

Yule mzee alikuwa na sharti moja: siku tatu hakuna kugusa spana. Tulipita fleti moja moja, yeye na kipimajoto, mimi na daftari. Nashauri mtu yeyote anayefikiria kukarabati jengo aanze na matembezi haya, hata kama ana wataalamu wa kompyuta wa kumfanyia hesabu zote, maana tuliyoyakuta hayakuwa kwenye mchoro wowote. Rejeta zilizofungiwa ndani ya makabati ya mapambo. Fleti moja ambayo mwenyewe alikuwa ameongeza rejeta mbili bila kumwambia mtu, zinavuta maji ya majirani wawili. Vali zilizopakwa rangi mara nyingi hadi hazizunguki tena. Rejeta za ghorofa ya juu zimejaa hewa nusu nzima. Ukizigonga kwa kidole zinalia kama debe tupu, na mwenye nyumba amekaa miaka akiamini boila ni dhaifu.

Tulipofungua moja ili kumwaga maji, yalitoka meusi kama wino. Mzee akatumbukiza sumaku kwenye ndoo, akaitoa imevaa manyoya ya unga mweusi. Ni kutu ya chuma, inayotengenezwa polepole na hewa inayopenya ndani ya mabomba, na inapenda kukaa chini ya rejeta ambako hakuna anayeiona. Tukausafisha mfumo wote, tukaweka chujio lenye sumaku kwenye bomba la kurudi. Kama tungefunga vali mpya bila kusafisha kwanza, unga ule ungezikaba zote.

Kazi yenyewe ya kusawazisha, yaani kugawa maji ili kila rejeta ipate yanayoitosha, haina fahari. Kila bomba linalopanda juu liliwekewa vali ya kupimia maji huko chini, na kila rejeta ikapata vali yenye themostati, kidude kinachojifunga chenyewe chumba kikipata joto la kutosha, ambayo ndani yake fundi anaweka kiwango cha juu cha maji kinachoruhusiwa kupita. Hicho kiwango cha ndani ndicho watu wanachokisahau. Wanafunga themostati nzuri, wanaziacha wazi kabisa ndani, kisha wanashangaa kwa nini wa mwisho bado analala na koti.

Baada ya hapo simu zangu zilianza kulia. "Rejeta yangu ni mbovu, juu ya moto, chini baridi!" Nikaenda nyumba hata nyumba kueleza kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Rejeta iliyo ya moto juu mpaka chini inapitisha maji mbio bila kuyanyonya joto. Ikiwa juu moto na chini vuguvugu, imefanya kazi yake. Nilikuja kujifunza kuyasema haya kabla ya kufunga vali na si baada. Mtu ukimweleza mapema anaona ufundi, ukimweleza baadaye anaona visingizio.

Kisha tukaipunguza pampu. Hapa kuna hesabu ambayo hadi leo naipenda: umeme unaoliwa na pampu hufuata kasi yake ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Punguza kasi kwa asilimia 20 tu, na umeme unashuka hadi karibu nusu. Ile ya zamani ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote mchana na usiku, na themostati zilipoanza kujifunga ikawa inapiga mluzi kwenye mabomba kama birika. Iliyoingia badala yake inajipunguza yenyewe, na mluzi ukaisha.

Halafu ndipo tukaanza kushusha joto la maji. Hatukushusha kwa pupa. Nyuzi 2, tunasubiri siku kadhaa, tunasikiliza nani atalalamika. Nyuzi 2 tena. Tulipofika 62, simu ya kwanza ikaja kutoka fleti ya pembeni, ghorofa ya sita, chini kabisa ya paa. Nikajua mara moja tutafanya kama zamani, tutairudisha juu. Mzee akanizuia. Fleti moja dhaifu, alisema, ndiyo inayoliamuru jengo zima. Badala ya kuzipandishia joto fleti 47 kwa ajili ya mmoja, mtibu huyo mmoja. Tukaweka kihami joto juu ya dari yake, tukambadilishia rejeta mbili kwa kubwa zaidi, tukaendelea kushuka. Akajitokeza dhaifu mwingine, naye tukamtibu. Siku za baridi ya kawaida tukawa tunatoa maji ya nyuzi 54, yanarudi na 41. Nilishuka na kikombe changu nikakitega jioni. Asubuhi kilikuwa kimefurika, sakafu imelowa.

Furaha ile ilikuwa na uchungu ndani yake. Jengo lilipotulia tukagundua boila tuliyonunua ni kubwa mno. Inawaka dakika 3 au 4, inafika joto, inazima, inawaka tena, kutwa nzima, na kila kuwaka kunaichakaza. Ukubwa wake ulikisiwa kwa kuangalia ile ya zamani, na ile ya zamani ilipimwa kwa jengo lenye madirisha wazi. Tungesawazisha kwanza, tungenunua ndogo zaidi. Au pengine tusingenunua boila kabisa, tungekwenda kwenye pampu ya joto, mashine inayovuta joto la nje na kulihamishia kwenye maji, ambayo hula umeme kidogo kadiri maji unayoitaka itoe yanavyokuwa ya vuguvugu. Kwa jengo linalodai nyuzi 80 pampu ya joto ni mateso. Kwa linaloridhika na 50 ni mazungumzo mengine. Mlango huo tuliufunga wenyewe kwa haraka yetu, na hautafunguka hadi boila hii izeeke.

Mambo mawili madogo kabla sijaingia kwenye hewa. La kwanza, kihisi cha joto la nje. Boila hupima ubaridi wa nje na kuamua itoe maji ya moto kiasi gani. Waliofunga chetu walikiweka kwenye ukuta unaopigwa na jua, kwa sababu waya ulikuwa unafika hapo. Kila siku yenye jua, saa sita mchana, boila iliamini nje kuna joto na ikalala, wakati upande wa pili wa jengo watu wanasugua viganja. Kukihamishia kivulini ilikuwa kazi ya asubuhi moja. La pili ni zito. Mabomba ya chini yalikuwa yamevikwa kitu kama plasta nyeupe, na kijana mmoja wa kazi akataka kukivunja kwa nyundo. Mzee alimpigia kelele ambayo sijawahi kumsikia akipiga tena. Ilikuwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake huweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye. Eneo lilifungwa, sampuli ikapimwa maabara, wakaja watu wenye kibali na mavazi yao. Gharama hiyo haikuwa kwenye bajeti yetu hata kidogo. Kwenye jengo la zamani inatakiwa iwe mstari wa kwanza.

Sasa hewa. Wakati tunahangaika na maji, kamati nyingine ya jengo hilohilo ilikuwa inabadilisha madirisha. Madirisha mazuri, vioo viwili, mipira inayobana kimya kimya. Hatukukaa meza moja hata siku moja. Wao walikuwa watu wa madirisha, sisi watu wa joto.

Majira ya baridi yaliyofuata kuvu ikaanza. Ilianzia nyuma ya makabati, kwenye pembe za vyumba vya kulala, madoa meusi kama mtu amegusagusa ukuta kwa vidole vyenye masizi. Wakaazi wakasema paa linavuja. Paa halikuwa linavuja. Vioo vilikuwa vinatoka jasho asubuhi, na fleti mbili za ghorofa ya tatu zilinuka kama nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka.

Mzee akatoa kipande cha karatasi laini ya chooni, akakiweka kwenye tundu la hewa la bafuni. Kilipaswa kuvutwa na kushikwa pale. Kikaanguka, kikapepea taratibu hadi sakafuni. "Fungua dirisha kidogo," akaniambia. Nikafungua kwa upana wa kidole. Karatasi ya pili ikaruka na kunata kwenye tundu kama imegundishwa.

Jengo lile lilikuwa linapumua kupitia nyufa za madirisha ya zamani. Hewa ya nje inaingia kwenye nyufa, inapita vyumbani, inatoka kupitia dohani za bafuni na jikoni zinazopanda hadi paani, ikisukumwa na ujoto wake tu. Hakuna aliyelichora jambo hilo kwenye karatasi kwa sababu hakuna aliyejua kwamba zile nyufa ni sehemu ya mtambo. Tulipoziziba, dohani zikakosa cha kuvuta. Na familia ya watu wanne, kwa kupika, kuoga, kuanika nguo na kupumua, humwaga hewani lita 10 hivi za maji kwa siku. Lazima yaende mahali. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 hutoa jasho ikigusa kitu chenye nyuzi 9, lakini kuvu haisubiri jasho. Ukuta ukishuka kufika 12 au 13 panakuwa na unyevu wa kuitosha. Pembe ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati lililobana, hufika hapo bila shida.

Nikawa askari wa matundu. Nilimkuta mama mmoja wa ghorofa ya kwanza amelikaba tundu lake kwa kitambaa, nikamkemea kwa heshima, nikakitoa. Wiki iliyofuata kimerudi. Safari ile akanikalisha kitandani kwake. "Kaa hapo, baba, nusu saa." Dakika 10 zilitosha. Upepo ulikuwa unashuka kutoka kwenye tundu, unanipiga shingoni. Hewa ilikuwa inashuka badala ya kupanda. Jirani wa juu alikuwa amefunga feni ya jiko yenye nguvu na kuiunganisha kwenye dohani ya wote, kwa hiyo kila akikaanga, hewa na harufu yake vinasukumwa kwa majirani. Nilimwomba yule mama msamaha. Tangu siku hiyo, nikikuta tundu limezibwa nauliza kwanza nini kilikuwa kinatoka humo.

Mtu akapendekeza tuweke feni kubwa paani ivute dohani zote, yaishe. Tulikuwa karibu kukubali. Ila fleti 7 zilikuwa bado na vipasha maji vya gesi vya bafuni, vile vinavyokula hewa ya chumbani na kutoa moshi kwa bomba lisilo na feni. Mzee akafunga madirisha ya moja, akawasha feni ya jikoni, akawasha kipasha maji, kisha akasogeza njiti ya ubani inayofuka kwenye mdomo wa bomba la moshi. Moshi wa ubani haukupanda. Uligeuka ukatujia usoni.

Wote mle bafuni tulinyamaza. Ule wa ubani tuliuona. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Feni ya paani ingefanya hivyo katika fleti zote 7 kwa wakati mmoja. Vipasha maji hivyo viling'olewa kabla ya lolote jingine, na maji ya moto yakaletwa kutoka chini. Tangi la huko tuliliacha kwenye nyuzi 60, pamoja na kelele za waliotaka tulishushe ili tuokoe gesi, kwa sababu Legionella, bakteria wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu. Badala yake tuliokoa kwenye mabomba, kwa kuyavika vizuri hadi kwenye viwiko na vali, ambako mafundi wengi huacha wazi kwa uvivu.

Mwishowe tuliweka feni paani, ya mwendo wa pole inayojirekebisha, na juu ya kila dirisha la chumba cha kulala na sebule tukatoboa kijitundu chenye kifuniko kinachotawanya hewa kuelekea dari, ichanganyike na joto la rejeta kabla haijamgusa mtu. Wapo walionililia kwamba tungeweka mashine za kurudisha joto, zinazopasha hewa inayoingia kwa joto la ile inayotoka. Hesabu iko upande wao. Fleti inayobadilisha hewa mita za ujazo 60 kwa saa, nje kukiwa na tofauti ya nyuzi 20, hupoteza wati 400 hivi mfululizo, na mashine nzuri hurudisha zaidi ya robo tatu yake. Zidisha kwa fleti 48 uone. Lakini mashine hizo zinataka mabomba ya hewa kupita kwenye kila chumba, na dari zetu ni za chini, na ndani kuna watu wanaoishi. Katika jengo lililohamwa kwa ajili ya ukarabati nisingefikiria mara mbili. Kwetu tuliacha nafasi paani, ili siku moja pampu ya joto ivute joto la hewa hiyo inayotoka na kupasha maji ya kuogea. Sina hakika nitaiona siku hiyo, maana mikutano yetu inajulikana. Mwenye nyumba ndiye analipa ukarabati, mpangaji ndiye anapata bili ndogo, na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Kila mwaka baridi ikikaribia napita na karatasi yangu laini, tundu baada ya tundu. Mjukuu wa yule mama wa ghorofa ya sita hunifuata nyuma, yeye ndiye anayeishika karatasi na kupiga kelele ikinata. Bibi yake siku hizi anatupokea mlangoni na gauni la mikono mifupi.

Na dirisha la ghorofa ya pili? Juzi usiku nimelikuta wazi tena, pazia nje. Nikapanda nikabisha, nimejiandaa kwa hotuba. Akanifungulia, akanipeleka kwenye rejeta akanishikisha. Baridi. Ameifunga yeye mwenyewe, anapenda kulala kwenye ubaridi, akaniuliza kama kamati ina neno. Nikamwambia alale salama.